Ng'ombe 6, nyuzi 1,400: programu ilihesabu nini?



Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya nyama, au tuseme juu ya picha za nyama. Kuna memwari moja imenikosesha usingizi wiki mbili, na mwenyewe ameniruhusu kuieleza mradi nisimtaje jina. Kosa nililoliona ndani yake si lake peke yake. Mimi mwenyewe niliwahi kulifanya, na waliolipa ni watu wengine.

Mwenye memwari ni mdogo wetu kutoka Walikale, anamalizia masomo ya udaktari wa mifugo. Alinitumia faili kwa WhatsApp usiku, na chini yake sauti fupi: "Yaya, unisomee tafazali. Nasikia weye ulitumiaka ImageJ kwa majani. Mie nimeitumia kwa misuli. Promota anasema matokeo ni mazuri sana, lakini niko na woga ya juri."

Swali lake ni zuri, na linatoka kwetu. Masisi utasikia watu wakisema nyama ya ng'ombe wa mlimani ni ngumu, juu ya ng'ombe huyo anapanda na kushuka kutwa nzima. Yeye akauliza: je, nyuzi za msuli wa paja za ng'ombe aliyekulia kwenye malisho ya milimani ni nene kuliko za ng'ombe aliyefugwa zizini karibu na mji? Akaenda abatwari, akachukua vipande kwa ng'ombe 6: watatu wa mlimani, watatu wa zizini. Mwisho wa memwari kuna jedwali lenye nyuzi 1,400 zilizopimwa na kompyuta, na sentensi inayosema tofauti ni kubwa na haina shaka hata kidogo.

Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Ndiyo iliyoniondolea usingizi.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Msuli unaoshika mifupa, ile nyama tunayokula kila sikukuu, ni mafungu ya nyuzi. Kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, na kwa kawaida viini hivyo vinakaa pembeni, chini ya ganda la uzi. Ukikata fungu kwa kulikingama na kuliangalia kwa mikroskopu, unaona kitu kama mashamba ya Masisi ukiwa umesimama juu ya kilima: vipande vipande, kila kimoja na mpaka wake. Upana wa uzi mmoja huwa kati ya mikromita 10 na 100, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu akitaka kujua unene, anapima hivyo vipande kimoja kimoja.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa macho na rula. Kupima nyuzi mia chache kulikuwa kunakula siku. Leo unapiga picha, unaifungua kwenye programu, programu inachora mipaka na kukupa jedwali kabla chai haijapoa. Dada yetu alitia vipande kwenye formolini, akavigandisha ndani ya nta ya parafini, akavikata kwa mikrotomu, akavipaka rangi mbili za kawaida za maabara, hematoksilini na eosini, kisha akapiga picha kwa simu kupitia jicho la mikroskopu. ImageJ ikafanya yaliyobaki.

Kabla sijakosoa, nitoe haki. ImageJ ni zawadi kwa watu kama sisi. Wayne Rasband aliianzisha mwaka 1997 kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani, na tangu siku ya kwanza ni ya bure. Inafanya kazi kwenye kompyuta nzee, bila intaneti, na ukiwa na batri ya saa mbili tu kabla umeme haujakatika, unaweza kumaliza picha kadhaa. Fiji, iliyotangazwa kwa wanasayansi mwaka 2012, ni ImageJ hiyohiyo ikiwa na vifaa vingi zaidi ndani ya mfuko. Baadaye zikaja programu za misuli peke yake: SMASH mwaka 2014, MyoVision mwaka 2018, Myosoft mwaka 2020. Halafu ikaja Cellpose, ambayo haisubiri uipe kanuni ya mpaka. Imejifunza yenyewe kutoka kwenye picha zenye seli zaidi ya 70,000 zilizochorwa na watu. Toleo lake la 2022 linakuruhusu kusahihisha mipaka mia moja au mia mbili kwa mkono wako, nalo likajifunza picha zako zinafananaje. Ni kazi kubwa, na mimi siyo mtu wa kuitukana.

Lakini tuseme ukweli pia. SMASH iliandikwa kwa MATLAB, programu ya kulipia. Nyingi ya hizi zilijengwa kwa picha za floresensi, ambamo mpaka wa kila uzi umewashwa kwa kingamwili na unang'aa kama barabara ya lami usiku yenye taa. Sisi tuko na hematoksilini na eosini, ambamo nyuzi mbili zilizobanana zinaweza kuonekana kama moja. Na misuli iliyotumika kuzijaribu nyingi ni ya panya wa maabara. Ukiichukua programu hiyo na kuipa paja la ng'ombe wa Masisi, haitakukatalia. Itakupa jedwali. Kompyuta haijui kuona haya.

Sasa twende sokoni. Kila aliyenunua maharage Sake au Goma anaijua gigozi, ule mkebe wa maziwa ya unga tunaopimia. Mama mwenye akili anauliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Kwanza anageuza mkebe kutazama kama chini haijabonyezwa. Pili anaangalia muuzaji anavyojaza, kama anaacha kichwa au anafuta kwa mkono. Tatu anauliza maharage yametoka kwenye mfuko gani, juu mkebe mmoja uliochotwa juu ya mfuko haukuelezi chochote juu ya mifuko mingine. Nimeisoma memwari ya mdogo wetu kwa maswali hayo matatu.

Chini ya mkebe ni kipimo. ImageJ haijui mikromita. Inajua pikseli tu, hadi wewe uiambie pikseli ngapi ni mikromita ngapi. Kwa hiyo unapiga picha ya kioo chenye mistari ya kipimo kwa mikroskopu ileile na lenzi ileile, halafu unaiingiza kwenye programu. Dada yetu alifanya hivyo, siku ya kwanza. Siku zilizofuata simu ilikuwa inashikwa kwa mkono juu ya jicho la mikroskopu, mara karibu, mara mbali, na mara mbili tatu alivuta picha kwa vidole ili ionekane vizuri. Kila akivuta, kipimo cha siku ya kwanza kinakuwa uongo. Na uongo huo unakua: ukikosea urefu kwa asilimia 10, eneo la uzi linakosewa kwa asilimia 21, juu eneo ni urefu mara upana. Programu haikusema neno. Ilizidisha tu ilichopewa.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Funga simu kwenye mikroskopu kwa kibao na mpira, usivute picha kamwe, na piga picha ya kipimo mwanzo na mwisho wa kila siku. Kama vipimo viwili havilingani, picha za siku hiyo zinatupwa.

Kujaza mkebe ni mambo yanayotokea kabla na wakati wa kuchora mipaka. Hapa kuna mitego mitatu, na wengi wetu tunajua mmoja tu.

Mtego wa kwanza ni pembe ya kisu. Kata ndizi kwa kuikingama, unapata duara. Ikate kwa mshazari, unapata yai refu. Ndizi ni ileile, lakini eneo limeongezeka. Kwa uzi wa msuli hesabu inajulikana: ukikosea pembe kwa digrii 30, eneo linaongezeka kwa asilimia 15; kwa digrii 45, asilimia 41. Tofauti aliyoipata dada yetu kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo kuliko hiyo 15. Yaani mkono uliochoka kidogo kwenye mikrotomu unaweza kutengeneza matokeo mazima ya memwari bila ng'ombe yeyote kupanda mlima. Ndiyo sababu watu wa misuli hupenda kupima kipenyo cha Feret kilicho kidogo kabisa, yaani upana mdogo wa lile yai. Ukikata kwa mshazari, yai linarefuka lakini upana wake mdogo haubadiliki sana. ImageJ inakipima kwa kuwekewa alama moja tu kwenye orodha ya vipimo. Yeye hakuwa ameiweka, na hakuna mtu aliyemwambia.

Mtego wa pili ni saa. Msuli haufi pamoja na ng'ombe. Baada ya kuchinjwa unaendelea kubadilika, unakaza, na uzi uliojikunja kwa urefu unanenepa kwa upana. Kama kipande cha ng'ombe mmoja kilitiwa formolini baada ya nusu saa na cha mwingine baada ya saa tano, hapo unalinganisha saa. Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Yaya, wale wa mulima bafikaka asubui, banachinjwa mara moja. Wa zizi nilikuwa nabapata mangaribi, kiisha nalala na bipande kwa glasi ya barafu." Mnaona? Kundi moja lilikuwa na saa yake, na lingine saa yake. Na tena kuna jambo ambalo picha zake haziwezi kuonyesha kabisa. Ng'ombe aliyetembea mbali na kuchoka anafika amemaliza sukari ya akiba ya msuli, glikojeni. Asidi inayotokea baada ya kifo inakuwa kidogo, na nyama inabaki nyeusi na kavu juu. Mnunuzi wa Goma anaposema nyama ya mlimani ni ngumu, labda analalamikia safari ya ng'ombe, wala si unene wa nyuzi. Hematoksilini haitamjibu.

Mtego wa tatu ni kizingiti. Ili ImageJ itenganishe uzi na mpaka, lazima useme mwanga wa kiasi gani ni uzi na kiasi gani ni mpaka. Kuna njia zaidi ya kumi za kujichagulia zenyewe, mojawapo ni ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, na kuna kitufe cha kusogeza kwa mkono. Nilichukua picha moja ya memwari nikaipitisha kwa njia tatu. Nilipata idadi tatu za nyuzi na wastani tatu wa unene. Hakuna hata moja iliyokuwa uongo wa wazi. Kila moja ilikuwa na nyuzi chache zilizoungana na nyingine chache zilizopasuka vipande. Swali ni hili: yeye alichagua ipi, lini, na akijua picha ni ya kundi gani? Jibu: alichagua picha kwa picha, "ile inaonekana vizuri", huku jina la ng'ombe limeandikwa juu ya faili. Hakutaka kudanganya. Lakini mkono unajua unachokitamani kabla kichwa hakijajua.

Hapa pia dawa ipo. Mtu mwingine abadilishe majina ya faili yawe nambari tupu. Njia moja ya kizingiti iamuliwe kwa picha za majaribio, iandikwe, halafu itumike kwa zote. Na picha chache zipimwe kwa mkono, kwa kalamu, na watu wawili, tuone programu inakosea upande gani.

Nafika kwenye mfuko, na hapa ndipo ilipo lawama yangu kubwa. Ile sentensi ya "tofauti haina shaka" ilitoka wapi? Ilitoka kwenye jaribio la takwimu lililoambiwa kwamba kuna vitu 1,400 vilivyo huru. Lakini nyuzi 230 za ng'ombe mmoja si ng'ombe 230. Zina mama mmoja, zimekula jani moja, zimechinjwa kwa kisu kimoja saa moja. Ukizihesabu zote kama mashahidi, umemwita shahidi mmoja aseme mara 230 na ukaandika kwamba kijiji kizima kimeshuhudia.

Mashahidi wako sita tu. Na kwa sita, hesabu ni kali. Tuseme wale watatu wa mlimani wote wana nyuzi nene kuliko wale watatu wa zizini, bila mmoja kupishana. Ni matokeo mazuri kuliko yote yanayowezekana. Njia za kugawa ng'ombe sita katika vikundi viwili vya watatu ni 20. Kwa hiyo bahati tupu ingeweza kukupa mpangilio huo mara 1 kati ya 20, na kama hukusema mapema ni upande gani utakuwa mnene, mara 2 kati ya 20, yaani 0.10. Kwa jaribio hilo la kupanga kwa nafasi, ng'ombe sita hawawezi kamwe kushuka chini ya ile 0.05 ambayo juri zetu zinaiabudu, hata ukipima nyuzi milioni. Kwa wanne na wanne, njia zinakuwa 70, na mpangilio bora unakupa 2 kati ya 70, karibu 0.03. Ng'ombe wawili zaidi wangekuwa na nguvu kuliko nyuzi 1,400.

Kwa nini hakuwa nao? Hapa sitaki mtu amcheke. Januari 2025 mapigano yalifika Goma, Machi yakafika Walikale-centre. Barabara ya kutoka Masisi ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Ng'ombe wa mlimani alikuwa anakuja siku asiyotarajiwa, na formolini ilikuwa inaisha. Katika hali hiyo programu inakuwa jaribu kubwa: ng'ombe huwezi kuongeza, lakini nyuzi unaweza kuongeza usiku, umekaa chumbani, bila kuvuka bariera yoyote. Kuhesabu kumekuwa bure, basi tunahesabu sana, na tunasahau kwamba kitu kilichokosekana hakikuwa hesabu.

Mtu atasema, huko kwenye maabara kubwa nako wanafanya hivyo. Wengine ndiyo. Lakini tuna mfano wa karibu wa picha za misuli zilizotumiwa kwa adabu. Tangu Jonas Bergström alipofufua sindano ya kuchukua kipande cha msuli mwaka 1962, watu wengi walitaka kuingia ndani ya miguu ya wakimbiaji. Bengt Saltin na wenzake walichukua vipande vya misuli ya wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, wakachapisha mwaka 1995. Dunia nzima ilikuwa inasubiri kuambiwa kwamba Wakenya wana nyuzi za aina ya pekee. Walipohesabu nyuzi za polepole na za haraka, mgawanyo haukuwatenganisha Wakenya na wale wengine. Waliandika hivyo, na wakaelekeza macho kwenye mambo mengine, kama vimeng'enya vya kuchoma mafuta. Picha haikutoa hadithi iliyotamaniwa, nao hawakuilazimisha.

Sasa niseme langu, juu si haki kumvua mdogo wangu nguo mimi nikiwa nimevaa koti.

Memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya madoa ya pembe kwenye majani ya maharage, kwetu Masisi. Nililinganisha mbegu ya kienyeji, ile ya mama yangu na kikundi chake cha wanawake, na aina mpya. Nilichuma majani 400, nikayapiga picha, nikaipa ImageJ. Jedwali lilikuwa zuri sana. Mbegu ya mama ilikuwa na madoa mengi zaidi, na takwimu ikasema haina shaka. Nikapata distinksheni, watu wakanipigia vigelegele.

Majani yalikuwa 400. Mashamba yalikuwa mawili. La mama lilikuwa bondeni, kando ya kijito, ambapo ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi na majani hayakauki. Aina mpya ilikuwa kilimani, penye upepo. Ugonjwa huo unapenda jani lililolowa. Sikuwa nimepima mbegu. Nilipima bonde na kilima, mara 400.

Lakini wakati huo sikujua, na nilikuwa mwanafunzi wa kwanza wa familia kurudi na karatasi. Nilisimama mbele ya kikundi nikawaambia waache ile mbegu. Walinisikiliza. Waliyobaki nayo waliyauza na kuyala. Msimu uliofuata aina mpya ilipandwa bondeni, na madoa yakaja kama kawaida. Mama akatafuta mbegu ya zamani kwa shangazi upande wa Nyabiondo, lakini njia ilikuwa imefungwa. Hakunigombeza. Siku moja tu, tukichambua maharage, alisema: "Ile mbegu ilikuwa ya mama mukwe wangu." Kisha akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo niliposoma "nyuzi 1,400", niliona majani yangu 400.

Nilimpigia dada yetu, nikamweleza yote haya kwa saa nzima. Tulifanya hesabu upya kwa picha zile ambazo kipimo chake kilikuwa salama, tukitumia kipenyo kidogo cha Feret, na wastani mmoja kwa kila ng'ombe. Ng'ombe mmoja wa zizini akawa na nyuzi nene kuliko mmoja wa mlimani. Lile jedwali zuri likavunjika. Akanyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekata.

"Sasa niandike nini, yaya? Niandike nimeshindwa?"

Nikamwambia aandike alichokiona. Kwamba kwa ng'ombe sita hawezi kusema mlima unanenepesha nyuzi, wala hawezi kusema haunenepeshi. Kwamba saa za kuchukua vipande hazikulingana. Kwamba programu ilimpa mipaka, na mipaka hiyo ilibadilika kwa kizingiti. Promota alipendelea jedwali la kwanza libaki peke yake. Yeye akaweka yote mawili, na hitimisho akalijenga juu ya la pili. Siku ya kujitetea mwanajuri mmoja alimuuliza kwa nini hakuongeza ng'ombe. Akajibu: "Njia ilifungwa, Profesa." Alama zake hazikuwa zile alizoziota. Alipita.

Ninachokidai kwetu sote ni kidogo. Juri zetu ziache kuuliza "ulipima nyuzi ngapi, majani mangapi" kabla ya kuuliza wanyama wangapi na mashamba mangapi. Mwanafunzi anayetumia programu yoyote ya picha aandike toleo lake, kizingiti chake na kipimo chake, ili mwenzake aweze kurudia. Na picha ghafi zihifadhiwe. Dada yetu ameniachia zake kwenye flashi, na yeyote anayetaka kujaribu Cellpose juu yake nitamgawia.

Kuna mmoja hapa atasema: basi aongeze ng'ombe wawili, wafike wanane, mambo yaishe. Hapana. Ukiongeza mnyama mmoja mmoja hadi jibu likupendeze, umerudi palepale kwenye kitufe cha kusogeza. Amepanga kuanza upya. Ng'ombe 12, sita na sita, idadi imeandikwa kabla ya kisu kugusa nyama, vipande vyote vitiwe formolini ndani ya saa moja, na majina ya faili yafichwe na mtu ambaye hatashika kipanya.

Formolini ameshapata. Mikroskopu ipo. Anachokitafuta ni mtu wa abatwari atakayempigia simu asubuhi ng'ombe wa Masisi wakifika, na mwenye zizi atakayekubali saa ileile. Kama unamjua mmoja wao, niandikie hapa chini.